Mashua ya mninga au boti ya faiba: kuchagua na kuandaa chombo cha tanga kilichotumika, Kigoma

Kiangazi kilichopita vyombo viwili vya tanga vililala bega kwa bega kwenye mchanga wa Katonga. Kimoja changu: mashua ya mninga ya futi 18, niliyoikuta Ujiji imepinduliwa chini ya mwembe, kuku wakitagia chini yake. Cha pili cha shemeji yangu: boti ya faiba ya futi 14 yenye mlingoti wa alumini, iliyokuja kwa lori kutoka Dar es Salaam na tanga lake ndani ya gunia la mkaa. Vyote vizee. Vyote tulivinunua kwa bei iliyotufanya tujione wajanja, na haikupita wiki ujanja ukatuishia.

Tuliviandaa kwa wakati mmoja, tukigombania keekee moja na msasa mmoja, kwa hiyo niliona kazi ile ile ikifanywa mara mbili kwa njia mbili. Tangu hapo watu huniuliza: mtu anayeanza achukue ipi? Kwa ufupi, ukiishi Kigoma, na ukawa na fundi wa mashua unayeweza kumfuata nyumbani kwake jioni, chukua ya mbao. Ukiishi Tabora na kuja ziwani kwa treni mara mbili kwa mwaka, chukua ya faiba na usione haya. Mbao haitaki kuachwa peke yake. Sababu zenyewe ni ndefu kidogo.

Ziwa si bahari

Maneno yetu ya mashua mengi yametoka pwani, na ushauri umekuja pamoja na maneno. Mwingi ni mzuri. Mwingine huku hauna kazi. Pwani mashua hupakwa deheni, chokaa iliyokandwa na mafuta ya mnyama, ili wadudu wa baharini watoboao mbao wasiingie. Ziwa Tanganyika halina wadudu hao, kwa hiyo mtu akikuuzia rangi ya bei kali ya kuwazuia, mshukuru na uondoke.

Lakini chumvi ina faida moja ambayo sisi hatuna: huzuia kuvu linaloozesha mbao. Maji yetu hayazuii chochote. Na mbaya zaidi ni maji ya mvua. Mashua ya Kigoma haiozi sana upande unaogusa ziwa. Huoza ndani, pale maji ya mvua za Novemba hadi Aprili yanapotuama kwenye ngama (chini kabisa ndani ya mashua), nyuma ya mataruma (mbavu zake), chini ya viti, mahali pasipoingia upepo. Ukinunua mashua ya mbao, kitu cha kwanza cha kununua baada yake si rangi. Ni turubai la kuifunika, lililoinuliwa katikati kama paa ili hewa ipite chini yake.

Faiba nayo isikudanganye. Watu hudhani kwa kuwa hakuna chumvi basi haina adui. Maji hupenya ngozi yake ya nje taratibu, yakakusanyika kati ya tabaka, yakatoa malengelenge, na jambo hilo hutokea upesi zaidi katika maji yasiyo na chumvi na yenye joto kuliko baharini. Ya shemeji ilikuwa na malengelenge kama kumi na matano, makubwa kiasi cha shilingi mia. Si ugonjwa wa kuua. Unayapasua, unayaosha, unaacha kiangazi kifanye kazi yake hadi pakauke kabisa, ndipo unaziba. Anayeziba siku ile ile anafungia maji ndani.

Kisu na nyundo

Kwa mbao, chombo cha ukaguzi ni kisu chenye ncha. Choma pale mkuku (uti wa mgongo wa mashua) unapokutana na ubao wa kwanza, choma miguu ya kila taruma, choma kona za tezi (nyuma ya chombo) kwa ndani, na usisahau pale kitako cha mlingoti kinapokaa juu ya mkuku. Mbao nzima hukataa ncha. Iliyooza huipokea kama papai. Kwenye mashua yangu mbao za ubavu hazikuwa na neno. Mninga una sifa ya kutosinyaa sana ukikauka wala kuvimba sana ukilowa, ndiyo maana mafundi wa mashua wa Kigoma na mafundi vitanda wa Tabora wanatazamia magogo hayo hayo. Mataruma matatu, hata hivyo, yalikuwa yameoza miguu. Fundi wangu, mzee wa Ujiji, aliyachomoa kwa mkono.

"Mwanangu, hii si mbao ya mashua. Hii ni kuni iliyopata bahati," akaniambia.

Kwa faiba, chukua nyundo ndogo au hata sarafu, ugonge kila baada ya kiganja kimoja. Sauti kavu, inayolia, maana yake nzima. Sauti nzito, kama unagonga boksi la katoni lililolowa, maana yake tabaka zimeachana. Ubavu wa boti ya shemeji ulilia vizuri kutoka omo (mbele) hadi tezi. Tukakaribia kupongezana. Kisha mzee yule yule, ambaye kwa faiba husema hajui kitu, akashika mabano ya kufungia injini huko tezini akayatikisa, na tezi yote ikacheza. Ndani ya faiba pale nyuma huwa kuna plaiwudi, na maji yalikuwa yameingia kupitia matundu ya parafujo, pengine kwa miaka. Tulipokata kwa ndani, plaiwudi ikatoka kama majani ya chai. Kwa nje ilikuwa inang'aa.

Hapo ndipo nilipopata kipimo ninachokitumia hadi leo kwa kila kitu kinachopanda chomboni: je, hiki kitanionya kabla hakijaniacha? Mbao mbovu huvuja, hutoa doa, hunuka, huacha unga. Faiba mbovu hunyamaza. Kwa mtu aliyepo kila wiki, onyo lina thamani kubwa. Kwa mtu asiyekuwepo, onyo halina wa kulisikia, na hapo faiba inashinda kwa sababu nyingine: haikauki ikafunguka mishono.

Pamba au resini

Hii ndiyo sehemu iliyotula wiki nyingi, na ndiyo wanayoikosea wengi.

Mashua ya mbao iliyokaa nchi kavu muda mrefu hufunguka. Kati ya ubao na ubao wangu ungeweza kupitisha kalamu ya risasi, na kutoka ndani ungeona mwanga wa jua. Mtu mgeni huogopa, akakimbilia kuziba kwa kitu kigumu. Jirani mmoja pale ufukweni alinishauri nijaze mishono yote gundi ya epoksi, "utasahau kuvuja maisha yako yote." Kijana mwingine akanishawishi nifunike mashua nzima kwa faiba kwa nje, kama koti.

Yote mawili yana kosa moja. Mbao ikirudi majini inavimba. Ikikuta mshono umejazwa kitu kisichobonyea, haina pa kwenda: itaponda kingo zake, au itasukuma misumari, au itavunja taruma. Koti la faiba juu ya mbao kuukuu zilizopigiliwa misumari lina shida nyingine: mbao zinacheza, resini haichezi, na ikiwa mbao ilikuwa na unyevu au mafuta, resini haishiki. Baada ya misimu michache linabanduka, maji yanaingia kati, na mbao inaozea gizani. Umeigeuza mashua iliyokuwa inakuonya kuwa mashua inayokuficha. Nimeliona koti la namna hiyo likibanduliwa pale pale Katonga. Chini yake mbao ilikuwa nyeusi na laini.

Kalafati, yaani kuziba mishono kwa pamba, inajua kwamba mbao inatembea. Fundi alisokota pamba nyuzi nyuzi, akailowesha kwenye mawese (Kigoma hatukosi mawese), akaisukuma ndani ya mshono kwa patasi butu na nyundo ya mbao, akienda kidogo kidogo, tok tok, tok tok, akisikiliza. Sauti ikibadilika anaacha. Pamba hujaza kama theluthi mbili ya kina cha mshono, halafu juu yake puti laini, si ile inayokauka ikawa jiwe. Mbao ikivimba, puti ya ziada inatoka nje kama dawa ya meno, unaikwangua, kwisha.

Jambo moja sikubaliani na mzee wangu, na nililimwambia kwa heshima: mawese hayakauki, na rangi haishiki juu ya mafuta. Tuliafikiana kwamba ndani ya mshono mawese ruksa, lakini mdomo wa mshono upanguswe kwa kitambaa chenye petroli kidogo kabla ya puti. Palipopanguswa rangi bado ipo. Palipoachwa, upande wa omo kulia, imechubuka.

Hatari ya kalafati ni kupigiliwa kupita kiasi. Mashua kavu ikishindiliwa pamba hadi mishono ijae kabisa, ikilowa huweza kung'oa mbao zake yenyewe. Kwa hiyo mashua iliyofunguka sana huanzwa kwa maji: magunia mabichi ndani, ndoo za maji asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, mishono ifunge inayoweza kufunga yenyewe, kisha ndipo upige pamba panapobaki. Kazi yangu yote ya kalafati, kwa futi 18, ilikuwa siku nne za fundi na siku sita za mimi kubeba maji.

Upande wa faiba kazi ni fupi lakini haina msamaha. Unasaga eneo lililoharibika kwa mteremko, mpana kiasi cha mara kumi na mbili ya unene wa ganda, ili tabaka jipya lipate pa kushika. Ukiziba shimo kama kiraka cha suruali litafunguka. Unakata mikeka ya faiba, mdogo kwanza, mkubwa juu. Unachanganya resini na hadena (dawa ya kuigandisha). Na hapa Kigoma ndipo jua linakuingiza hasara: mchanganyiko ambao kwenye baridi ungekupa nusu saa, saa saba mchana unaganda mkononi. Shemeji alipoteza makopo mawili hivyo, la pili likatoa moshi. Changanya kidogo kidogo, fanya kazi alfajiri au jioni, na usiongeze hadena kwa kudhani unaharakisha. Vaa barakoa unaposaga. Unga wa faiba ni vioo, na mapafu hayana fundi.

Kwa tezi alitoa plaiwudi yote, akaweka mpya iliyopakwa epoksi pande zote na kwenye kila tundu la parafujo, akaifunga kwa tabaka nne. Epoksi, si resini ya kawaida, kwa sababu hushika vizuri zaidi juu ya faiba kuukuu na juu ya mbao. Ni ghali zaidi, na pale tezini usibane matumizi.

Kwa muda, faiba inashinda: siku tisa dhidi ya wiki tano na ushee zangu. Kwa fedha za vifaa, mbao. Kwa kukujulisha kwamba umekosea, mbao tena, kwa mbali.

Misumari

Kwa kifupi. Misumari ya zinki (chuma kilichopakwa zinki) ikianza kufa inatoa doa la kutu kwenye mbao, unaliona, unang'oa. Parafujo za chuma kisichoshika kutu hupendeza, lakini zikizama ndani ya mbao mbichi isiyo na hewa huliwa polepole bila kutoa doa lolote. Za shaba ni nzuri kuliko zote ila usizichanganye na za zinki katika chombo kimoja, zinki italiwa. Nilibaki na zinki kwa kuwa ndiyo iliyokuwemo.

Foromali au mlingoti mrefu

Mashua yangu ina tanga la foromali: mlingoti mfupi mnene, foromali (mti unaobeba tanga) ndefu imelala mshazari, tanga la pembetatu linaning'inia chini yake. Boti ya shemeji ina mlingoti mrefu mwembamba ulioshikwa na waya, tanga kuu nyuma na dogo mbele. Watu hubishana ipi ni bora kana kwamba ni Simba na Yanga. Hapa swali la kuuliza ni unakwenda wapi na upepo gani.

Kiangazi kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kikilifuata ziwa kuelekea kaskazini, na ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 670, kwa hiyo mawimbi yana nafasi ya kukua. Gombe iko kaskazini ya mji, kama kilomita 16. Maana yake kwenda Gombe ni mteremko na kurudi ni mlima. Kwenye mteremko foromali haina mpinzani: tanga limejaa, kamba ni moja ya demani (ya kuongozea tanga) mkononi, mashua inakwenda imetulia kama imelewa. Kwenye kurudi, kubisha (kwenda mshazari huku na huku) dhidi ya kusi, kila unapogeuza upande inabidi foromali ihamishwe kuzunguka mlingoti, kazi ya watu wawili wanaoelewana. Ukiwa peke yako unaishia kugeuza kwa nyuma, na kila mgeuzo unakurudisha ulikotoka. Boti ya shemeji inageuka kwa kusukuma kana (mpini wa usukani) tu, tanga linahama lenyewe, kichwa kiinamishe.

Kwa hiyo kwa anayetaka kurudi nyumbani siku ile ile, mlingoti mrefu. Nakubali, ingawa inaniuma.

Lakini kile kipimo cha onyo kinarudi. Foromali ni mti na kamba. Kamba ikichakaa unaiona manyoya, mti ukipasuka unausikia. Ule mlingoti mrefu unategemea waya tatu, na waya za chuma kisichoshika kutu hukatika uzi mmoja mmoja ndani ya kifungo chake, pasipoonekana, hadi siku ya upepo. Pitisha kitambaa cha pamba kwenye waya wote, polepole; kikinasa, kuna uzi uliokatika. Uzi mmoja ukikatika, waya wote unabadilishwa, hakuna mjadala. Ya shemeji ilinasa mahali pawili. Badala ya kuagiza zilezile, aliweka waya wa zinki, mnene kidogo, ambao utaonyesha kutu kabla ya kukatika. Si mzuri wa kupigia picha.

Tanga lenyewe ni hadithi nyingine, na hapa kipimo changu kinashindwa. Nilikuwa na chaguo tatu. Turubai la plastiki la bluu, ambalo ni rahisi na lipo kila duka: linavutika, halishiki umbo, na hung'oka kwenye macho ya kamba. Langu la majaribio lilichanika karibu na Bangwe mchana kweupe, likabaki linapepea kama bendera ya timu iliyofungwa, tukarudi kwa makasia. Marekani, pamba nzito ya zamani: inashonwa vizuri, inatengenezeka kwa sindano popote, inaonyesha uchovu wake, ila ukiikunja mbichi mara mbili imeota ukungu. Kisha poliesta ya matanga hasa, ambayo haiozi, haivutiki, na adui yake ni jua pekee. Poliesta haionyi vizuri, ila hudumu. Nilichukua poliesta, kuukuu, iliyokatwa upya kutoka tanga kubwa, na kuanzia siku ile mashua ikaanza kukubali kupanda upepo kwa namna ambayo sikuitegemea.

Ukinunua tanga kuukuu usitazame kitambaa kwanza, tazama uzi. Uzi umejitokeza juu, jua linauanza wenyewe. Ukwaruze kwa ukucha. Ukikatika, mishono yote ishonwe upya kabla ya safari hata kama kitambaa kinaonekana kipya. Fundi cherehani yeyote mwenye mashine nzito ya viatu au mabegi anaweza, ukimpa uzi wa poliesta na ukamchorea mstari. Kagua pia dasi, kamba iliyoshonwa kuzunguka ukingo. Ikiachana na kitambaa tanga halikai. Na uombe safu mbili za vitanzi vya kupunguzia tanga. Fundi atakuuliza za nini. Mwambie za upepo wa saa tisa alasiri.

Kamba na nanga

Zile kamba za plastiki za rangi, nyepesi, zinazoelea, zifae kwa wavu na kufungia mbuzi. Jua linazimaliza na fundo linateleza. Henza (kamba ya kupandishia tanga) na demani ziwe za poliesta, isiyovutika. Ya nanga iwe ya nailoni, inayovutika, ili wimbi lising'oe nanga kwa kishindo. Katani inapendeza mkononi na inaoza.

Nanga huku ni tatizo la pekee. Ziwa hili ni bonde lililopasuka, ukingo wake unashuka ghafla. Sehemu nyingi hatua chache kutoka ufukweni kina kimeshakushinda. Kamba ya nanga hutakiwa mara tano hadi saba ya kina, kwa hiyo hata mita 10 tu zinakudai mita 50 na zaidi. Wote wawili tulifikia uamuzi mmoja: kamba ndefu moja ya nanga, na nyingine ya kufungia mti au jiwe nchi kavu. Kisha kuvuta chombo mchangani, jambo ambalo faiba ya futi 14 inakubali kwa watu wanne na mashua yangu inataka kijiji.

Kikijaa maji

Shemeji hakupenda mazungumzo haya. Mbao huelea hata ikijaa maji. Utakaa ndani umelowa kifuani, utaaibika, lakini utakuwa na kitu cha kushika. Faiba ni nzito kuliko maji. Isipokuwa na vyumba vya hewa vilivyozibwa, ikijaa inakwenda chini, na chini ya Tanganyika hakurudishi kitu. Boti yake ilikuwa na vyumba hivyo chini ya viti, vifuniko vimepasuka. Tulisukumia humo madumu matupu ya lita 20, kumi, yamefungwa vizuri na kubanwa kwa mbao yasitoke. Kila moja linabeba karibu kilo 20. Ni dawa ya bei rahisi kuliko zote nilizoziona katika zoezi lile.

Kwa farumi (uzito wa kutuliza mashua) nilifanya kinyume: madumu yaliyojaa maji, yamefungwa kwenye mkuku. Mawe hubingirika mashua ikilala, mchanga huziba ngama gunia likipasuka. Dumu la maji ndani ya mashua iliyojaa maji halina uzito wowote wa kukuzamisha.

Laifu jaketi kwa kila kichwa, hilo silinganishi na kitu. Na kabla ya yote karatasi: hati ya mauziano iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa alipo muuzaji, kisha usajili na ukaguzi wa TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), ambao ndio wenye kazi hiyo kwa vyombo vidogo. Hapo mbao na faiba ni ndugu.

Injini nitaipitia tu. Shemeji anayo ndogo, na kwenye kujongea gati ni starehe. Mimi nina makasia mawili na umande, ule upepo wa alfajiri unaotoka nchi kavu kwenda ziwani, unaowarudisha nyuma wavuvi wa dagaa wanaochelewa na taa zao za sola. Ukiwa na injini ya zamani, ipe grisi kabla ya kuipa petroli. Tunaye mwalimu wa somo hilo bandarini: Liemba, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikaletwa kwa vipande na kuunganishwa hapa Kigoma, ikateremshwa majini 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, lakini kwanza wakapaka mitambo grisi kote. Ilikaa chini ya maji hadi 1924 ilipoopolewa, na 1927 ikarudi kazini.

Siku ya kwanza majini

Faiba: isukume, panda, angalia tezi, angalia kwa tochi sanduku la ubao wa kati (ubao unaoshushwa majini boti isiteleze ubavu). Kama ni kavu baada ya nusu saa, tweka tanga.

Mbao: isukume hadi maji ya kifuani, ifunge kwa kamba mbili, usiende popote. Itavuja. Itavuja kiasi cha kukufanya umfikirie muuzaji vibaya. Mimi niliweka kijana na ndoo usiku wa kwanza, akafua maji (akayachota na kuyamwaga nje) kila saa. Weka alama kwa chaki ndani ya ganda kila asubuhi, uone maji yanapungua kwa kasi gani. Yasipopungua siku ya nne, kuna mshono uliorukwa, vuta mchangani utafute. Usiongeze pamba kutoka ndani. Kutoka ndani unasukuma ile ya nje itoke.

Usiku wa pili kijana alifua mara nne. Usiku wa tatu alilala, na asubuhi ngama ilikuwa na maji ya sufuria moja. Mzee wangu alikuja na kikombe chake cha chai, akainama, akaweka kiganja kwenye ubao wa kwanza juu ya mkuku, akakiacha hapo muda mrefu.

"Sasa twende," akasema.

Shemeji alikuwa ametangulia tangu juzi. Tulimkuta Kibirizi, amekaa mchangani na boti yake kavu kabisa, akimsubiri mtu amsaidie kuisukuma.